Msimu wa moto umechachamaa na zimamoto wamezidiwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila msimu wa moto wa msituni ukiwa mbaya maswali ni yaleyale, mbona hawazimi, ndege ziko wapi, maji yameishaje, hao askari wengine wamelala au. Nimeyakusanya hapa na majibu yake, mengine marefu mengine mafupi, kutegemea swali lenyewe lina nyama kiasi gani.

Kwanini nchi zenye hela na ndege kibao bado zinashindwa kuzima moto wa porini?

Kwa sababu moto ukishakuwa mkubwa hauzimwi, unazungukwa. Hili ndo jambo watu wengi hawalijui, wanadhani ni kama nyumba imeungua mtaani, gari la zimamoto linakuja linamwaga maji basi yameisha. Moto wa msitu wenye ukuta wa miali juu kuliko miti hakuna binadamu anausogelea na mpira wa maji mkononi, joto lake peke yake linakuangusha kabla miali haijakufikia.

Ushindi halisi unapatikana saa za mwanzo, moto ukiwa bado kieneo kidogo. Marekani kwa mfano zaidi ya asilimia 95 ya mioto yote inazimwa hapo hapo mwanzoni na wala hatuisikii kwenye habari. Tunayoisikia ni ile michache iliyoponyoka. Sasa fikiria siku ya radi kavu, radi zinapiga bila mvua, mioto makumi inawaka usiku mmoja na timu zilizopo zinatosha labda theluthi yake. Hapo ndipo inaponyoka, sio kwa sababu watu hawajui kazi, ni kwa sababu hakuna wa kumtuma.

Halafu kuna upepo na mlima. Wazimamoto wana kanuni ya kukadiria kwamba kila mteremko ukiongezeka digrii 10, moto unaopanda unakwenda mara mbili ya mwanzo. Ndo maana moto unaweza kukaa bondeni siku nzima umetulia, ukigusa tu mteremko mnaanza kukimbia.

Wakisema "wamezidiwa" nani anapima? Au ni maneno tu ya kuombea bajeti?

Kinapimwa kabisa. Marekani wana ngazi 1 hadi 5, inapangwa na kituo cha taifa kilichoko Boise, Idaho. Canada nao wana mfumo kama huo, unaratibiwa kutoka Winnipeg. Ngazi ya 5 maana yake karibu kila timu, kila ndege na kila katapila iko kazini tayari. Canada mwaka 2023 walifika ngazi ya 5 tarehe 11 Mei, yaani msimu ndo kwanza unaanza, na mpaka mwaka unaisha zilikuwa zimeungua hekta zaidi ya milioni 15, na mji wa Yellowknife wenye watu kama 20,000 ulihamishwa wote mwezi Agosti.

Ukifika hapo kila moto mpya unaingia kwenye foleni. Kamanda anaomba timu nne anapewa moja, anaomba helikopta anaambiwa subiri kesho. Na foleni ina mpangilio wake: maisha ya watu kwanza, kisha nyumba na miundombinu, msitu wenyewe mwisho. Kwa hiyo kuna mioto mikubwa kabisa kule mbali ambako hakuna makazi inaachwa iwake, inaangaliwa kwa setelaiti na ndege tu. Ukiona kwenye ramani moto una wiki tatu na hakuna mtu, haijasahaulika, kuna mtu kakaa akaamua kwamba watu aliokuwa nao wanahitajika zaidi sehemu nyingine. Ni uamuzi mgumu na binafsi naona mara nyingi ni sahihi, ila nani ataenda kumwambia mwenye kibanda chake kule msituni.

Si waombe msaada nchi jirani?

Wanaomba, na wanapewa. Juni 2023 South Africa ilipeleka wazimamoto zaidi ya 200 Canada, wakashuka uwanja wa ndege wanaimba na kucheza, ile video ilizunguka dunia nzima. Australia na Marekani wamekuwa wakibadilishana watu na ndege miaka mingi, kwa hesabu rahisi tu: kiangazi cha kaskazini ni kipupwe cha kusini, wewe ukiungua mimi nimepumzika. Ulaya nao baada ya Ureno kupoteza watu 66 kwenye moto wa Pedrógão Grande Juni 2017 walikuja kuunda rescEU mwaka 2019, akiba ya pamoja ya ndege na helikopta.

Tatizo ile hesabu imeanza kuharibika. Misimu imerefuka huku na huku mpaka inagusana, Australia wanahitaji ndege zao mapema kabla California hawajamaliza kuzitumia. Na ndani ya eneo moja ni mbaya zaidi, kwa sababu wimbi la joto likija linawapiga majirani wote kwa mpigo. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya uliunguza zaidi ya hekta milioni 1, sehemu kubwa ni Hispania na Ureno ndani ya wiki chache za Agosti, sasa hapo jirani anamkopesha nani wakati na yeye kwake kunawaka. Akiba ya pamoja inafanya kazi vizuri mkiungua kwa zamu.

Ndege si ndo suluhisho? Kwanini wasinunue nyingi tu?

Kila mtu anapenda ndege, zinapendeza kwenye kamera. Na kweli ni mashine za ajabu, ile Canadair CL-415 ya njano na nyekundu inapita juu ya ziwa, tumbo linagusa maji, ndani ya sekunde 12 hivi imebeba lita kama 6,000 na imeshapaa. Ila kununua nyingi sio rahisi hivyo. Uzalishaji wake ulisimama mwaka 2015, kiwanda kimefufuliwa kutengeneza toleo jipya na nchi za Ulaya zimeagiza 22, lakini ndege hazitoki kama mikate.

Pia hazirukiki upepo ukizidi. Usiku wa tarehe 7 Januari 2025 Los Angeles, maeneo ya Palisades na Eaton kunawaka, ndege na helikopta zililazimika kushuka chini kwa sababu ya upepo, yaani saa ileile zilipohitajika kuliko saa yoyote. Moshi ukiwa mzito rubani haoni. Na zinaua: tarehe 23 Januari 2020 ndege ya kuzima moto aina ya C-130 ilianguka jimbo la New South Wales, Australia, na Wamarekani watatu wakafa, tarehe 25 Julai 2023 Canadair ikaanguka kisiwa cha Evia huko Ugiriki, marubani wawili wakafa.

Kitu kingine, ile dawa nyekundu inayomwagwa haizimi moto. Ni mchanganyiko wenye chumvi za fosfati kama za mbolea, unapakwa kwenye majani ambayo bado hayajaungua ili moto ukifika uende polepole, ile rangi ni ili rubani ajue alipoishia. Unanunua muda. Ule muda kama hakuna watu chini wa kuutumia, moto unasubiri, unazunguka, unaendelea na safari. Kwa hiyo ukiniuliza hela iende wapi kwanza nitakwambia watu, ndege baadaye.

Hao watu wa chini wanafanya nini hasa kama maji sio mchezo wenyewe?

Wanachimba. Timu ya kawaida Marekani ni watu 20 hivi, wanatembea kwa mstari. Mbele wapo wenye chenso wanaangusha vichaka na matawi, nyuma yao wa kuvuta na kutupa upande usio na moto, halafu wanafuata wenye zana za mkono, kuna shoka ambalo upande wa pili ni jembe jembamba, kuna reki nzito yenye meno, kuna sepetu. Kila mmoja anapiga mara moja mbili anasogea, anayefuata anapiga palepale anasogea, mpaka wa mwisho akipita pamebaki udongo mtupu, hakuna mzizi, hakuna jani. Hiyo ndo kinga moto. Upana wake unaweza kuwa mita moja tu kwenye nyasi, kwenye msitu mnene inabidi katapila ipite.

Mara nyingi baada ya hapo wanawasha moto wenyewe. Ndiyo, wanauwasha, kutokea kwenye kinga kuelekea moto mkubwa, ili ukifika ukute chakula kimeshaliwa. Watu wakiona zimamoto anatembea na kopo linalodondosha moto wanapiga kelele mitandaoni kwamba serikali ndo inachoma msitu, hapana, ndo kazi yenyewe.

Kabla ya kukubaliwa kazini kuna mtihani wa kutembea kilomita 4.8 na mzigo wa kilo 20 mgongoni ndani ya dakika 45, na kukimbia hairuhusiwi. Jaribu siku moja halafu urudi utuambie.

Wanapumzika saa ngapi?

Shifti zinafika saa 16, siku 14 mfululizo, kisha siku chache za mapumziko na kurudi tena. Mwezi wa kwanza mtu anaweza. Mwezi wa nne akili imechoka, anakosea kusoma upepo, anasahau njia ya kutokea iko wapi, gari linaacha barabara usiku wakirudi kambini. Ajali za barabarani na matatizo ya moyo ni sehemu kubwa ya vifo vyao, sio miali peke yake.

Na mishahara ndo usiseme, kwa miaka mingi wazimamoto wa msituni wa serikali kuu ya Marekani walikuwa wanaanza na malipo ambayo mtu angeyapata akiuza baga, wanaishi kwa ovataimu, nyongeza ya kudumu imekuja 2025. California inatumia pia wafungwa, Januari 2025 mamia yao walikuwa mstari wa mbele kwa malipo madogo sana. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la WHO likaiweka kazi ya uzimaji moto kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa uhakika. Halafu wanashangaa kwanini wenye uzoefu wanaacha. Unaweza kununua gari jipya mwezi ujao, kiongozi wa timu mwenye misimu 15 kichwani huwezi kumwagiza popote.

"Moto umedhibitiwa asilimia 60" maana yake umezimika asilimia 60?

Hapana. Maana yake asilimia 60 ya mzunguko wake una kinga wanayoamini itashika. Ndani bado unaweza kuwaka vizuri tu, na hata ukiwa asilimia 100 bado haujazimwa.

Baada ya hapo inakuja kazi ambayo hakuna kamera inayoifuata. Watu wanapiga magoti kwenye majivu, wanavua glovu, wanapitisha mgongo wa mkono karibu kabisa na ardhi kutafuta joto, kwenye visiki, chini ya magogo, kwenye mashimo ya mizizi. Wakipata joto wanafukua, wanachanganya na udongo na maji, wanapitisha mkono tena. Hivyo hivyo mita kwa mita, siku nyingi. Mzizi mmoja unaweza kubeba moto chini kwa chini ukapita chini ya kinga na kutokea upande wa pili wiki moja baadaye. Kule Canada na Siberia kwenye udongo wa mboji moto unalala chini ya theluji kipupwe kizima, kukikauka unaamka.

Shida ni kwamba msimu ukibana, timu zinaondolewa hapa mapema kwenda kwenye moto mwingine. Ndo hivyo moto "uliokwisha" unarudi.

Kwanini mabomba ya zimamoto yalikauka Los Angeles?

Mfumo wa maji wa mji umejengwa kwa ajili ya nyumba moja au mbili kuungua, sio mtaa mzima pamoja na mlima wake. Pale Palisades kulikuwa na matenki matatu ya juu, kila moja kama lita milioni 3.8, mabomba yote yakafunguliwa kwa wakati mmoja na nyumba zilizoungua nazo mabomba yake yanamwaga ovyo, presha ikashuka mpaka sehemu za juu zikabaki kavu kabla ya alfajiri. Na kulikuwa na bwawa la akiba, la Santa Ynez, likiwa tupu kwa ajili ya matengenezo. Lingesaidia kiasi, sidhani kama lingeokoa mtaa, kwa upepo ule.

Nani anaiwasha hii mioto?

Sisi, kwa sehemu kubwa. Marekani karibu asilimia 85 ya mioto inaanzishwa na binadamu: moto wa kambi, takataka, tairi lililopasuka rimu ikakwaruza lami, mashine ya kukatia nyasi imegonga jiwe, nyaya za umeme. Moto wa Paradise, California, tarehe 8 Novemba 2018, uliua watu 85 na chanzo kilikuwa laini ya umeme ya kampuni ya PG&E, na kampuni ilikiri kosa mahakamani. Wachomaji wa makusudi wapo ila ni wachache kuliko tunavyopenda kuamini. Kwenye misitu ya mbali kaskazini ni radi zaidi, na kwa kuwa hakuna mtu karibu hiyo ndo inaunguza eneo kubwa.

Ni mabadiliko ya tabianchi au usimamizi mbaya wa misitu?

Vyote, na watu wanaokulazimisha uchague kimoja huwa wana lao. Joto likipanda hewa inanyonya unyevu kwenye majani, msimu unarefuka, usiku haupoi, na zamani usiku ndo ulikuwa muda wa zimamoto kupumua na kuchimba.

Lakini pia mwaka 1935 idara ya misitu Marekani iliweka sera kwamba kila moto uwe umezimwa kufikia saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Ikafanikiwa sana, na hapo ndo balaa, vichaka na magogo yakarundikana miaka na miaka kwenye misitu ambayo kwa asili ilizoea moto mdogo wa mara kwa mara. Wenyeji wa asili wa Australia walikuwa wanachoma vipande vidogo mapema nyasi zikiwa bado na unyevu, moto wa baridi unaotambaa chini, kaskazini mwa nchi hiyo wamerudishiwa kazi hiyo na inafanya vizuri. Afrika yenyewe inabeba sehemu kubwa zaidi ya eneo linaloungua duniani kila mwaka, karibu theluthi mbili, lakini nyingi ni nyasi za savana zinazoota tena mvua ikinyesha, sio kila moto kwenye ramani ni janga.

Uchomaji wa mapema unahitaji watu haohao, siku chache zenye hali ya hewa sahihi, na mwanasiasa asiyeogopa lawama moshi ukiingia mjini. Timu zikitumika kuzima miezi tisa, hakuna anayebaki wa kuchoma kwa mpango, na mwaka unaofuata unakuwa mbaya zaidi.

Nyumba moja imebaki nzima, za jirani zote majivu. Ni miujiza?

Mara nyingi ni usafi. Nyumba nyingi haziunguzwi na ukuta wa moto, zinaunguzwa na cheche zinazoruka mbele kilomita kadhaa, zinatua kwenye majani makavu juu ya paa au zinaingia kwenye tundu la hewa. Kwa hiyo mita 1.5 za kwanza kuzunguka nyumba pasiwe na kitu kinachoungua, hata kikapu, hata ua la plastiki, kuni zisogezwe mbali, mifereji ya paa isafishwe, matundu ya hewa yawekwe wavu wa chuma wa milimita 3. Kisha punguza vichaka mpaka mita 30. Zimamoto wakipita na gari moja na nyumba kumi, wanachagua ile ambayo inaokoleka bila kuwaua. Ndo ukweli.

Nibaki nitetee nyumba au niondoke?

Ondoka, na uondoke mapema. Usisubiri kuona miali. Pedrógão Grande wengi walikufa barabarani wakijaribu kutoka, Paradise foleni ya magari ilizibwa na moto pande zote. Australia ushauri ulikuwa baki ukiwa umejiandaa au ondoka mapema, mpaka tarehe 7 Februari 2009 walipokufa watu 173 jimboni Victoria, tangu hapo wanasema wazi siku za hatari kubwa zaidi usibaki hata kama umejiandaa. Gari liwe na mafuta, lielekee barabarani, dawa, vitambulisho, chaja, wanyama. Ukiwa na mzee au mgonjwa wewe anza kabla ya amri kutoka. Na kila anayekaidi akibaki analazimisha timu iache kujenga kinga ije kumtafuta.

Moto uko mbali lakini moshi umetufikia, nifanye nini?

Funga madirisha, tumia barakoa ya N95, ya kitambaa haikamati zile chembe ndogo. Usifanye mazoezi nje. Juni 2023 New York iligeuka rangi ya chungwa kwa moshi wa Canada, umbali wa mamia ya kilomita, kwa hiyo umbali usikudanganye.

Naweza kurusha droni nichukue video?

Hapana. Tarehe 9 Januari 2025 droni ya raia iligonga bawa la ndege ya Canada iliyokuja kusaidia Los Angeles, ikatoboka na ikatoka kazini siku kadhaa.

Nataka kujitolea, niende tu?

Usiende tu. Kujitolea kupo na kuna maana kubwa, New South Wales zimamoto ya vijijini ina watu kama 70,000 wa kujitolea na ndo walibeba ule msimu mbaya wa moto wa 2019 hadi 2020, Kilimanjaro Oktoba 2020 wanavijiji walipanda mlima na matawi na mapanga pamoja na askari wa hifadhi. Ila jiandikishe kabla ya msimu ufundishwe, mtu asiyejua upepo utageukia wapi ni mzigo mwingine wa kuokoa. Na nguo za mitumba usipeleke, vituo vinajaa mpaka wanakosa pa kulaza watu, uliza wanahitaji nini.

Itaisha lini?

Mvua ikinyesha. Kwenye mioto mikubwa kabisa ni hivyo, watu wanazuia isile miji mpaka hali ya hewa ibadilike, Australia mvua za Februari 2020 ndo zilimaliza kazi. Ila mlima uliokwisha kuungua hauna mizizi ya kushika udongo: Montecito, California, moto ulipita Desemba 2017, tarehe 9 Januari 2018 mvua kubwa ikashuka na tope na mawe, wakafa watu 23. Kwa hiyo kama juu yako kuna mteremko mweusi na ukaambiwa uhame mara ya pili kwa sababu ya mvua, hama.